Mawe Yaliyobaki: Jinsi Kuchakaa kwa Miamba Kunavyounda Sura ya Nchi ya Graniti

Kabla ya kusoma somo hili, chukua karatasi na ujibu swali lifuatalo kwa sentensi mbili tu. Usifungue daftari.

Swali: Eleza jinsi marundo ya mawe makubwa ya mviringo yanayoonekana katika Jiji la Mwanza yalivyotokea.

Umeandika? Sasa linganisha jibu lako na majibu haya matatu, ambayo hukutana nayo kila ninaposahihisha majaribio ya Kidato cha Nne.

Jibu la kwanza: "Mawe hayo yalirushwa na volkano."
Jibu la pili: "Mawe hayo yaliletwa na mawimbi ya Ziwa Victoria, ndiyo maana ni ya mviringo."
Jibu la tatu: "Mawe hayo yalipangwa juu ya vilima na upepo mkali na mafuriko."

Majibu yote matatu hayapati alama, na kosa lake ni moja. Kila mtahiniwa ameona jiwe kubwa limekaa juu ya jingine, akadhani lazima kuna kitu kilichokuja kuliweka pale. Ukweli ni kinyume chake. Mawe ya Mwanza hayakuja. Yalibaki. Yalikuwa pale pale tangu mwanzo, yakiwa sehemu ya mwamba mmoja mkubwa uliofunikwa ardhini. Vilivyoondoka ni vitu vilivyokuwa kati yake na juu yake. Ukilielewa hilo, sehemu kubwa ya mada hii umeimaliza. Kilichobaki ni kueleza hatua kwa hatua, kwa maneno sahihi.

1. MANENO MATATU YASIYOPASWA KUCHANGANYWA

Kuchakaa kwa miamba ni hali ya mwamba kuvunjika, kulegea au kuoza pale pale ulipo, kutokana na joto, maji, hewa na viumbe hai. Neno la kupigia mstari ni "pale pale ulipo".

Mmomonyoko ni kuondolewa na kuchukuliwa kwa vipande na chembe zilizolegea. Wachukuzi ni maji yanayotiririka, upepo, mawimbi na barafu.

Ulimbikaji ni kutuliwa kwa mzigo huo mahali pengine, kwa mfano bondeni, mtoni au ziwani.

Fikiria bati la zamani juu ya paa. Linaposhika kutu na kutoboka, linachakaa, lakini bado liko juu ya paa. Siku upepo ukilimegua na kupeleka vipande uwanjani kwa jirani, huo ndio mfano wa mmomonyoko. Vipande vikijikusanya kwenye kona ya uzio, huo ni ulimbikaji. Bati gumu lisingemeguka kwa urahisi. Kutu ndiyo iliyotangulia kuandaa kazi.

Katika nchi ya graniti mambo huenda hivyo hivyo. Kuchakaa hutangulia na mmomonyoko hufuata. Mtahiniwa anayetaja mmoja bila mwingine ameeleza nusu ya habari.

2. GRANITI NI MWAMBA WA NAMNA GANI?

Graniti, ambayo vitabu vingine huiita matale, ni mwamba wa moto. Ulitokana na magma iliyopoa polepole sana ndani ya ardhi, kilomita kadhaa chini ya uso wa nchi. Kwa kuwa ilipoa polepole, chembe zake zilipata muda wa kukua, na ndiyo maana unaweza kuziona kwa macho bila kifaa chochote.

Zingatia: graniti haikutokana na lava iliyomwagika juu ya ardhi. Lava hupoa haraka, na hutoa mwamba wenye chembe ndogo sana kama basalti. Kwa hiyo ukiandika kwamba mawe ya Mwanza yalirushwa na volkano, umekosea chanzo na umekosea aina ya mwamba.

Chukua kipande cha graniti mkononi, hata kokoto moja kutoka kwenye lundo la fundi wa nyumba. Utaona madini matatu makuu:

(a) Feldispa. Ina rangi nyeupe, ya maziwa au ya waridi. Ndiyo yenye sehemu kubwa zaidi ya mwamba.
(b) Kwazi. Inang'aa kama kipande cha chupa, na ni ngumu sana.
(c) Maika. Ni vijipande vyeusi au vya fedha vinavyometameta juani na kubanduka kama magamba.

Kumbuka tabia zao, kwa sababu ndizo zinazoamua kila kitu kitakachofuata. Kwazi karibu haiguswi na maji ya mvua. Feldispa, ingawa ni ngumu kwa kuishika, huoza taratibu ikikaa na maji yenye asidi. Maika nyeusi ina madini ya chuma, hivyo hushika kutu. Graniti basi ni kama ukuta wa matofali magumu ulioshikizwa kwa saruji inayoweza kuoza. Matofali hata yakiwa imara, saruji ikilegea ukuta hauna maisha.

Graniti ya eneo la Ziwa Victoria upande wa Tanzania ni ya kale mno. Ni sehemu ya kiini cha zamani cha bara la Afrika, na umri wake unazidi miaka bilioni 2.5. Muda huo umetosha kwa kilomita kadhaa za miamba iliyokuwa juu yake kuchakaa na kuondolewa, hadi graniti iliyozaliwa gizani ikaona jua.

3. NYUFA: MILANGO YA MAJI

Graniti isiyo na ufa haipitishi maji kwa urahisi. Lakini ni nadra kuikuta bila nyufa. Nyufa hizo zina vyanzo vitatu:

(a) Kupoa. Magma inapoganda husinyaa, na kusinyaa huleta nyufa.
(b) Mikazo ya ardhi. Gamba la dunia linaposukumwa na kuvutwa, mwamba mgumu hupasuka.
(c) Kupungua kwa mzigo. Mwamba uliobanwa na uzito wa kilomita kadhaa za miamba mingine hutanuka mzigo huo unapoondolewa. Hapo hupasuka kwa nyufa zinazofuata umbo la uso wa nchi, kama maganda ya kitunguu.

Nyufa zilizosimama wima zikikutana na zile za mlalo, mwamba hugawanyika katika vipande vyenye pembe, mfano wa matofali makubwa yaliyopangwa bila nafasi kati yake. Kwa wakati huo hakuna jiwe la mviringo hata moja.

Kwa nini nyufa ni muhimu hivyo? Tufanye hesabu ndogo. Chukua mchemraba wa mwamba wenye mita 2 kila upande. Una nyuso 6, na kila uso una mita za mraba 4. Jumla ni mita za mraba 24. Sasa upasue katikati kwa pande zote, upate michemraba 8 yenye mita 1 kila upande. Kila mmoja una mita za mraba 6, na 8 mara 6 ni 48. Mwamba ni ule ule na uzito ni ule ule, lakini eneo ambalo maji yanaweza kulishambulia limekuwa mara mbili. Ndiyo maana sehemu yenye nyufa nyingi huoza upesi na kuwa bonde, na sehemu yenye nyufa chache hubaki kilima.

4. AINA TATU ZA KUCHAKAA KWA GRANITI

A. Kuchakaa kwa kikemikali

Hii ndiyo aina kuu katika nchi yenye joto na mvua kama kanda ya Ziwa Victoria. Mvua inapopita angani huyeyusha kiasi kidogo cha hewa ya kaboni dioksidi na kuwa asidi hafifu ya kaboni. Inapopita kwenye udongo wenye majani na mizizi inayooza huongeza asidi zaidi. Maji hayo yanapoingia kwenye nyufa za graniti hufanya kazi mbili kubwa:

(i) Haidrolisisi. Feldispa hukutana na maji yenye asidi na kugeuka kuwa udongo laini wa mfinyanzi uitwao kaolini. Hili ndilo badiliko muhimu kuliko yote katika mada hii.
(ii) Uoksidishaji. Chuma kilichomo ndani ya maika nyeusi huungana na oksijeni na kuwa kutu. Ndiyo sababu graniti iliyooza huwa na rangi ya kahawia au nyekundu.

Feldispa ikishaoza, chembe za kwazi hukosa cha kuzishikilia, na mwamba humeguka. Nilipata kuwapeleka wanafunzi kwenye kilima kilichochimbwa kwa ajili ya barabara. Nikamwambia kijana mmoja akwaruze kwa kijiti sehemu ya kahawia iliyo kati ya mawe mawili makubwa. Ile sehemu, iliyokuwa bado inaonyesha chembe zote za graniti, ikamiminika kama unga wa mahindi uliokobolewa vibaya. Akaniuliza, "Mwalimu, hili ni jiwe au ni udongo?" Jibu ni kwamba lilikuwa jiwe, na linaelekea kuwa udongo, bila kuhama hata hatua moja. Huo ndio mwamba uliooza, na huo ndio kuchakaa.

B. Kuchakaa kwa kimaumbo

Hapa mwamba huvunjika bila madini yake kubadilika.

(i) Kubanduka kwa matabaka. Mzigo wa juu ukiondoka, mwamba hutanuka na matabaka ya nje humenyeka. Vilima vya graniti vyenye kipara na mgongo wa mviringo hutokana hasa na hali hii.
(ii) Joto na baridi. Mchana jua huchoma uso wa mwamba ukatanuka, na usiku ukasinyaa. Vitabu vingi hutaja sababu hii peke yake. Lakini mwaka 1936 mtafiti wa Marekani, David Griggs, alipasha na kupoza kipande cha graniti zaidi ya mara 89,000, sawa na takribani miaka 244 ya mchana na usiku. Kwa kutumia hewa kavu hakuona badiliko. Alipotumia maji katika kupoza, mwamba ulianza kuharibika. Kwa hiyo andika hivi: joto na baridi hufanya kazi vizuri zaidi kukiwa na unyevu.

Mfano wa joto kali unao mtaani. Wapasua kokoto katika maeneo ya graniti huwasha moto mkubwa juu ya mwamba, kisha hupiga nyundo. Uso uliopashwa ghafla hutanuka kuliko sehemu ya ndani iliyobaki na baridi, na tabaka hutengana. Moto wa nyikani nao huweza kubandua mawe kwa namna hiyo.

Tahadhari: usitaje maji kuganda kuwa barafu ndani ya nyufa unapoeleza Mwanza, Singida au Dodoma. Hali ya kuganda na kuyeyuka huhitaji joto lishuke chini ya nyuzi 0 za Selsiasi. Hapa Afrika Mashariki mfano wake uko kwenye vilele virefu kama Kilimanjaro na Mlima Kenya. Mtahiniwa anayekariri orodha bila kutazama mahali hupoteza alama hapa.

C. Kuchakaa kwa kibayolojia

Mbegu ya mkuyu ikidondoshwa na ndege kwenye ufa, huota. Mizizi hunenepa mwaka hadi mwaka na kusukuma kuta za ufa, na wakati huo huo hutoa asidi na kutunza unyevu. Madoa ya kijivu, kijani na rangi ya chungwa yaliyoganda juu ya mawe ni viumbe hai viitwavyo laikeni. Navyo hutoa asidi zinazolegeza chembe. Mchwa na wanyama wachimbaji hufungua udongo ili hewa na maji yafike chini. Binadamu naye, kwa kuchimba, kulipua na kuchoma, ni mchakazaji mkubwa.

5. KUTOKA PEMBE HADI MVIRINGO

Sasa tufike kwenye swali linalowashinda wengi: kama mawe hayakubiringishwa, mbona ni ya mviringo?

Fanya jaribio hili nyumbani. Kata kipande cha sabuni ya mche kiwe na pembe kali na kingo zilizonyooka. Kiweke kwenye bakuli lenye maji yaliyotulia, ukiache usiku kucha. Asubuhi utakuta pembe zimelika kwanza, kingo zimefuata, na nyuso bapa zimelika kidogo zaidi. Kipande kimeanza kuwa cha mviringo, na hakuna aliyekibiringisha.

Sababu ni rahisi. Uso bapa hushambuliwa na maji kutoka upande 1. Ukingo hushambuliwa kutoka pande 2. Pembe hushambuliwa kutoka pande 3. Kwa hiyo pembe huoza upesi kuliko zote. Vipande vya graniti vilivyozungukwa na nyufa zenye maji huoza kwa utaratibu huo huo, chini kwa chini, ndani ya ardhi. Katikati ya kila kipande hubaki sehemu ambayo maji hayajaifikia. Sehemu hiyo ngumu na ya mviringo huitwa jiwe kiini.

Mawe ya mtoni nayo ni ya mviringo, lakini yalisuguana yakibebwa na maji. Umbo ni moja, chanzo ni tofauti. Usiruhusu umbo likudanganye.

6. HATUA NNE ZA KUTOKEA KWA MARUNDO YA MAWE

Hatua ya kwanza: Magma hupoa ndani ya ardhi na kuwa graniti. Nyufa za wima na za mlalo hujitokeza.

Hatua ya pili: Miamba ya juu huchakaa na kumomonyoka kwa muda mrefu. Mzigo hupungua, graniti hutanuka, na nyufa huongezeka na kufunguka.

Hatua ya tatu: Maji yenye asidi hushuka kwenye nyufa. Feldispa huoza. Penye nyufa za karibu karibu mwamba wote huwa laini. Penye nyufa za mbalimbali hubaki mawe kiini yaliyozungukwa na mwamba uliooza. Yote haya hutokea bado yakiwa yamefunikwa.

Hatua ya nne: Mvua na vijito huondoa mwamba uliooza. Mawe kiini ni mazito mno kuchukuliwa, hivyo hubaki na kukaliana. Jiwe lililokuwa juu linabaki juu, na lililokuwa chini linabaki chini.

Maelezo haya ya kuoza kwanza chini ya ardhi, kisha kufunuliwa, yalitolewa kwa uwazi na mwanajiografia wa Uingereza, David Linton, mwaka 1955, alipochunguza marundo ya graniti ya Dartmoor, kusini magharibi mwa Uingereza. Mwanafunzi wa Mwanza anaweza kuyaona hayo hayo akiwa njiani kwenda shuleni.

Jambo moja zaidi la kulitia akilini. Mwamba ulio wazi hukauka upesi baada ya mvua. Ule uliofunikwa na udongo hukaa na unyevu kwa muda mrefu, kwa hiyo huoza haraka zaidi. Hivyo jiwe likishafunuliwa huwa kama limeokoka, na sehemu iliyo chini ya udongo kando yake huendelea kuoza. Ndiyo maana miguu ya vilima vingi vya graniti ni mikali, na mabonde huzidi kushuka huku vilele vikibaki.

7. MIFANO YA KUTUMIA KATIKA MTIHANI

Mwanza, Tanzania. Jiwe maarufu la Bismarck, lililopewa jina la Otto von Bismarck, kansela wa Ujerumani, limesimama ndani ya maji karibu na ufuo wa Ziwa Victoria. Mawimbi yalisaidia kusafisha mwamba uliooza uliolizunguka. Hayakulileta.

Serengeti, Tanzania. Vilima vya mawe vya Simba, Moru na Gol ni vichwa vya graniti na naisi vya kale vinavyochomoza katikati ya tambarare. Tambarare yenyewe imefunikwa na majivu ya volkano kutoka upande wa nyanda za juu za Ngorongoro. Hapa volkano ipo, lakini ilileta majivu. Haikuleta mawe hayo.

Kit Mikayi, Kenya. Ni rundo refu la mawe magharibi mwa Kisumu. Kwa Kijaluo jina lake lina maana ya jiwe la mke wa kwanza.

Iringa, Tanzania. Gangilonga, yaani jiwe linaloongea kwa Kihehe, liko juu ya mji. Lakini jihadhari. Nguzo za Isimila, zilizo karibu na mji huo huo, si za graniti. Zimechongwa na maji katika matabaka laini yaliyolimbikwa. Ukizitaja kama mfano wa graniti umekosea.

8. PALE MADINI YANAPOISHIA: UDONGO NA MASHAMBA

Kwazi isiyooza huwa mchanga. Feldispa iliyooza huwa mfinyanzi. Mvua inaposhuka mlimani, chembe nzito za mchanga huachwa kwenye mteremko wa juu, na mfinyanzi mwepesi husafiri hadi bondeni. Wakulima wa Usukuma wanalijua hili kwa majina. Luseni ni udongo wa kichanga wa sehemu za juu, karibu na mawe. Ni rahisi kulima lakini haushiki maji na rutuba yake si kubwa, hivyo hufaa mazao kama mihogo na karanga. Mbuga ni udongo mweusi mzito wa bondeni, unaoshika maji na kupasuka wakati wa kiangazi. Katika sehemu za chini wakulima hujenga majaruba na kulima mpunga. Kwa hiyo mpunga wa majarubani na mchanga wa kujengea nyumba ni ndugu wawili, na mama yao ni graniti iliyochakaa.

9. KWA NINI MADA HII SI YA MTIHANI TU

Katika vilima vya Mwanza kama Igogo, Mabatini na Isamilo, maelfu ya watu wamejenga kati ya mawe na chini yake. Wengi huamini kwamba jiwe lililokaa miaka yote haliwezi kuondoka. Wewe uliyesoma hadi hapa una sababu ya kuwa mwangalifu zaidi.

Jiwe kiini huweza kuwa limekaa juu ya mwamba imara, au juu ya mwamba uliooza. Ukiwa mbali huwezi kutofautisha. Kama limekaa juu ya mwamba uliooza, kinacholishikilia ni udongo tu. Mtu akichimba pale ili apate mchanga au kusawazisha kiwanja, anafanya ile hatua ya nne kwa jembe, ndani ya wiki chache. Maji ya paa yasiyo na mfereji yakielekezwa pale hufanya vivyo hivyo kila msimu wa mvua. Miti ikikatwa, mizizi iliyokuwa imeushika udongo huoza.

Dalili za kuangalia ni hizi: udongo kupasuka upande wa juu wa jiwe, shimo jipya kutokea chini yake, mti ulio kando kuinama, au ukuta wa nyumba kupata ufa baada ya mvua. Ukiziona, waambie wazazi na viongozi wa mtaa mapema, na kusiwe na mtu wa kulala upande wa chini wa jiwe hilo wakati wa mvua kubwa. Usichimbe chini ya jiwe, wala usiruhusu wadogo zako wacheze ndani ya shimo lililochimbwa chini yake.

10. JINSI YA KUJIBU: MFANO

Swali: Kwa kutumia mifano kutoka Afrika Mashariki, eleza jinsi kuchakaa kwa miamba kulivyounda sura ya nchi ya graniti. (Alama 15)

Utangulizi: Toa maana ya kuchakaa kwa miamba na itofautishe na mmomonyoko kwa sentensi moja. Taja kwamba graniti ni mwamba wa moto uliopoa ndani ya ardhi, wenye feldispa, kwazi na maika.

Kiini: Eleza, kila hoja katika aya yake:
(i) kutokea kwa nyufa na umuhimu wake;
(ii) haidrolisisi ya feldispa na uoksidishaji;
(iii) kubanduka kwa matabaka na vilima vyenye kipara;
(iv) kazi ya mizizi, laikeni na binadamu;
(v) kutokea kwa mawe kiini na kufunuliwa kwake, kwa mfano wa Mwanza au Kit Mikayi;
(vi) udongo wa kichanga mlimani na wa mfinyanzi bondeni.

Hitimisho: Eleza kwamba kuchakaa na mmomonyoko hufanya kazi kwa kufuatana, na taja faida moja (kwa mfano utalii au kokoto) na hatari moja (kuporomoka kwa mawe).

Chora mchoro wenye sehemu tatu: mwamba wenye nyufa, mwamba uliooza wenye mawe kiini, na marundo yaliyofunuliwa. Andika majina ya sehemu zote.

MAZOEZI

1. Tofautisha kuchakaa kwa miamba na mmomonyoko. Toa mfano mmoja wa kila kimoja kutoka mazingira ya shule yako.
2. Kwa nini pembe za kipande cha graniti huoza kabla ya nyuso zake?
3. Mchemraba wa mwamba una mita 4 kila upande. Tafuta eneo lote la uso wake kabla na baada ya kupasuliwa kuwa michemraba 8 iliyo sawa.
4. Eleza kwa nini kuganda kwa maji hakuwezi kuwa sababu ya marundo ya mawe ya Mwanza.
5. Jirani anataka kuchimba mchanga chini ya jiwe kubwa lililo juu ya nyumba yenu. Kwa kutumia ulichojifunza, andika aya moja ya kumshauri.

Majibu ya kujipima. Swali la 3: kabla ni mita za mraba 96, na baada ni mita za mraba 192. Swali la 5 halina jibu moja, lakini aya isiyotaja mwamba uliooza haijakamilika.

Mwisho, rudi kwenye karatasi uliyoandika mwanzoni. Lisome jibu lako tena. Kama uliandika kwamba mawe yaliletwa, lifute, kisha uandike upya kwa sentensi zako mwenyewe jinsi yalivyobaki.